Nafundishwa Kulala

Huruma, Eldoret

Mama mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, na kwamba goti halikusumbui tena ukienda shambani. Huku mvua imeanza na baridi ni ile ya kuvaa sweta mbili. Mke wangu Adhiambo na mtoto wetu hawajambo. Mimi ndiye sikuwa salama, na kwa simu nimeona aibu kukuambia, ndiyo maana naandika.

Uliambiwa nina malaria. Haikuwa malaria. Mimi ndiye nilimwomba Adhiambo aseme hivyo.

Ilianza na kukosa usingizi. Kisha nikaanza kusikia wanaume wawili wakinisema ndani ya ukuta wa duka langu la kushona. Nikaamini wameficha kitu kwenye nguo za wateja ili kunidhuru. Mchana mmoja, Mama, nilichukua makasi nikakatakata sare za shule nilizoshona kwa mikono yangu, wazazi wakiwa mlangoni wanangoja kuzichukua. Adhiambo alikuwa analia akiwaomba msamaha, na mimi nampigia kelele. Jirani wetu anayeuza unga wa ugali akanishika polepole, yeye na Adhiambo wakanipeleka hospitali.

Daktari alisema ni ugonjwa wa akili, ndio unaanza, na unatibika. Dawa zilipunguza zile sauti, lakini usingizi haukurudi. Nilikuwa nashinda kitandani mchana kutwa nimejifunika, sitaki mtu wa Huruma anione, halafu usiku macho makavu. Sikudhani ni jambo la kumwambia mtu. Muuguzi anayenihudumia ndiye aliuliza.

"Unalala?"

"Kidogo tu, sista."

"Basi hilo nalo tutalitibu. Usipolala, hizo sauti zinapata nguvu."

Kwa hivyo nafundishwa kulala, Mama, mimi baba wa mtoto. Niamke saa ile ile kila asubuhi, hata kama nimelala vibaya. Nitoke nje kwenye mwanga. Kitanda kiwe cha kulala, si cha kujificha. Chai nisinywe jioni. Usingizi ukikataa, niinuke nikae mpaka macho yawe mazito, nisishindane nao. Siku za kwanza Adhiambo alikuwa ananivuta blanketi, mtoto anacheka akidhani ni mchezo, nami natamani ardhi inimeze.

Sasa nalala. Si kila siku, lakini nalala. Sauti bado zinakuja, ila ni kama redio ya jirani, naweza kuendelea na kazi yangu.

Wiki iliyopita nilifungua tena duka. Akaingia mama mmoja wa kutoka Soy, mmoja wa wale niliowaharibia sare, ameshika kitambaa kipya na mkono wa binti yake. Nilishindwa kuinua uso.

"Mama, mimi ndiye nilikata ile sare nyingine," nikamwambia.

"Najua. Nilikuwa hapa. Mpime mtoto, tuna safari."

Nilimpima mara mbili. Mara ya kwanza machozi hayakuniacha nisome namba za futi.

Nisalimie Dani, nyanya yangu, mwambie mimi mjukuu wake nakula vizuri. Msalimie kaka Ouko anayekutunzia ng'ombe, na shangazi wa kanisani. Wakikuuliza ninaumwa nini, sijui nikuambie useme nini. Sema vile moyo wako utakavyokuongoza, hata ukiamua kuwaambia yote.

Ni mimi mwanao, ambaye bado nakuonea haya,

Ouma