Nililikana Koti Langu, Kaka Akafungwa

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla rufaa ya kaka yangu haijasikilizwa mwezi ujao, maana mimi ndiye niliyemfunga na hakuna anayejua ila wewe sasa. Mimi ni fundi cherehani, kaka ndiye aliyenifundisha kazi, na tangu mgongo uanze kumsumbua yeye alikuwa akipiga pasi na kuwapelekea wateja nguo zao, sasa mteja mmoja alikuja kujaribu koti lake, akaomba atoke nalo akamwonyeshe mtu garini, akakaa huko muda mrefu nami nikaona ni maringo tu, aliporudi akaliacha, akasema kaka alipeleke stendi kwa ndugu wa huyo mteja, na huko stendi polisi wakamkamata kaka, wakapasua bitana, kile kitambaa cha ndani ya koti, wakakuta dawa za kulevya.

Walipokuja kuniuliza niliogopa, nikasema koti hilo silijui, halikutoka kwangu, nikidhani nimejiokoa na kaka watamwachia tu, kumbe yeye alikuwa ameshawaambia limeshonwa na mdogo wake, basi akaonekana mwongo, akapigwa miaka kumi na miwili.

Mahakama imempa wakili wa rufaa, binti mdogo, hatumlipi kitu. Alikuja kibandani kwangu na picha ya koti, akaniuliza, "Dada, hii kazi ni yako?" Nikaona chini ya kwapa, pale ninapofungia bitana kwa mkono, mishono imelala kulia, na mimi nashonea mkono wa kushoto, yangu yote hulala kushoto, kwa hiyo kuna mtu aliifumua bitana akaishona upya, lakini nikajibu, "Sijui," kwa sababu huyo binti analipwa na mahakama, nitamwaminije? Karatasi ya vipimo yenye jina na simu ya yule mteja ipo kwenye droo ya cherehani. Ninalea watoto wawili wa kaka na mmoja wangu. Nikienda gerezani kaka ananiuliza tu, "Cherehani inafanya kazi, mdogo wangu?" Hajawahi kuniuliza kwa nini. Nikisema nitafungwa, nikinyamaza nitakufa na hili moyoni. Nifanye nini?

Fundi wa Mkono wa Kushoto

*

Fundi, pole sana. Nimeisoma barua yako mara mbili. Ya kwanza nikakuonea huruma, ya pili nikakasirika. Uoga wa siku ile nauelewa, polisi wakisimama mlangoni hata mimi ningesahau jina langu. Ila hili la wakili ni ukaidi. Eti ni wa bure! Kwani ukimshonea jirani bure unampa koti lenye mkono mmoja? Mahakama imempa kesi, lakini anayemtetea ni kaka yako, na alifunga safari hadi kibandani kwako kukuuliza swali ambalo wewe peke yako ndiye mwenye jibu lake.

Sasa nisikilize. Wiki hii nenda ofisi ya msaada wa kisheria utafute mwanasheria wako mwenyewe, kwa sababu yule binti ni wa kaka yako na hawezi kukulinda wewe pia. Mweleze yote, pamoja na uongo uliowaambia polisi, akuongoze kuandika maelezo yatakayopelekwa kwa wakili wa kaka. Ile karatasi ya vipimo mpelekee mwanasheria wako, usiiongeze hata nukta, na usithubutu kumpigia huyo mteja. Beba na koti jingine ulilolishona kabla ya kesi, waone mishono yako inavyolala. Majaji watauliza kwa nini hukusema mapema, na wanaweza hata kukataa kuupokea ushahidi wako. Sema uliogopa, basi, usipambe.

Siwezi kukuahidi kwamba hutaguswa. Unaweza kushtakiwa kwa uongo ule, ndiyo maana nimekutuma kwa mwanasheria kwanza, na watoto uwatafutie mtu wa kukaa nao mapema. Lakini miaka kumi na miwili si ya kumwachia mtu aliyesema kweli. Kaka yako alisimama kizimbani akakutaja kwa haki, akaitwa mwongo, na bado anaulizia cherehani, nadhani kwa sababu lile jingine linamuuma kuliuliza. Ukienda safari hii usimngoje. Kaa chini, mtazame, umwambie, "Kaka, koti lilikuwa langu."