Mafwasa ya Bana Mwape

Mujukuu wangu Ilunga,

Pokea salamu za Nchelenge. Sisi wote tuko wazima, na mihogo imekubali. Uliniuliza kwa simu neno mafwasa linatoka wapi, sababu kule Kongo tulisema mafiga ya jiko.

Ni neno la Kibemba. Mafwasa ni vichuguu vidogo vya mchwa, vigumu kabisa. Watu wanaving’oa porini, wanaviweka vitatu kuzunguka moto, sufuria inakaa juu yake.

Sisi hatukujua. Tulipovuka ziwa kutoka Kongo, nikiwa kijana, mama aliokota mawe mazuri ndani ya ziwa. Moto ulipokolea, jiwe moja likapasuka, maharagi yakamwangika mchangani.

Jirani yetu, Bana Mwape, ni kusema mama ya Mwape, akacheka sana. “Jiwe la maji halipikiwi, mama!” Akaenda, akarudi na mafwasa matatu katika beseni, meusi kwa masizi. Tukaosha maharagi, tukapika tena.

Yalipoiva, mama akanituma nimupelekee sahani. Nikakuta watoto wake wameketi kuzunguka majivu, na sufuria ya unga mubichi chini. Walikuwa wanangoja sisi tumalize.

Ni mimi, kambo yako.