Somo la Adapta Mbele ya Nyama ya Mbuzi

Jumapili. Manyunyu tangu asubuhi, na mlima umejifunika gubigubi kama mtu asiyetaka salamu. Nimerudi chumbani kwangu Shirimatunda, viatu vimejaa tope la kijijini kwetu Kibosho. Nina hasira na mtu mmoja tu, naye ndiye anayeandika hapa.

Jana ilikuwa misa ya kumbukumbu ya kaka yangu Deo, mwaka mzima tangu tumzike kwenye migomba yake mwenyewe. Baada ya misa tukachinja mbuzi.

Kwetu nyama ya mbuzi haigawiwi ovyo. Inapangwa juu ya majani ya mgomba, kisha mkubwa wa ukoo anaita kila fungu na nyumba yake. Kidari kina wenyewe, mgongo una wenyewe, hata kichwa kina mwenyewe. Anayeitwa ni wa kwetu. Asiyeitwa ni mgeni aliyekuja kula.

Mkubwa wa ukoo siku hizi ni Baba Mkubwa. Na tangu msiba, watu wote wanajua kwamba anakitaka kihamba cha Deo, yaani shamba la ukoo lenye kahawa na migomba, akampe mwanawe. Deo hakuacha mtoto wa kiume. Ameacha mjane, wifi yangu Mama Glory, na binti yao Glory anayesoma darasa la pili. Kwa hiyo jana kila mtu alikuwa ametega sikio. Nyumba ya Deo ikiitwa, Mama Glory anabaki. Isipoitwa, aanze kufunga virago.

Mama Glory mwenyewe alikaa mbele kabisa, kajifunga kanga mpya, sahani mapajani.

Baba Mkubwa akanywa mbege yake, akafuta mdomo, akanigeukia mimi. "Haya, msomi wetu. Miaka yote hiyo unakula ada, hebu tueleze na sisi. Unasomea nini hasa?"

Mtu mwenye akili angesema "mambo ya seli, Baba Mkubwa" na kuketi. Mimi nikasimama. Katika ukoo huu hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo, nami nilikuwa nimelisubiri kama mtoto anavyosubiri Krismasi. Nikaitazama ile nyama kwenye majani na nikaona mfano umejileta wenyewe. Nilijiona mwerevu sana.

Nikawaeleza. Seli ina utando, kama ua wa nyumba. Mizigo inafika nje ya ua: chuma, mafuta, chakula. Kwenye utando kuna vipokezi, vinaushika mzigo kwa nje, na kwa ndani kila kipokezi kinaning'iniza kimkia. Ndani wapo wagawaji, protini zinazoitwa adapta. Adapta hauoni mzigo ulioko nje. Anapapasa mkia tu. Akiukuta mkia wenye alama anayoijua, anaushika, anaita protini nyingine zije zifume koti kama kapu, utando unabonyea, kifuko kinakatika na kuingia ndani pamoja na mzigo wake. Nikamwonyesha kidole Baba Mkubwa, nikasema: kama wewe hapo na nyama yako.

Wazee walicheka. Nilifurahi hadi masikio yakapata moto.

"Na asiye na mkia?" akauliza.

"Anabaki nje, Baba Mkubwa."

"Hata kama mzigo ameushika?"

"Hata kama ameushika." Na kwa kuwa mdomo wangu haujui kufunga duka, nikaongeza mfano wa kitabuni. Wapo watu waliozaliwa na kosa dogo kwenye mkia wa kipokezi cha kolesteroli. Kipokezi kipo, kinashika mzigo vizuri kabisa, lakini adapta haioni alama yake, basi kinakaa hapo mlangoni na mzigo wake mkononi. Hakiingizwi.

"Ahaa," akasema Baba Mkubwa. Akanyanyua kisu.

Akaita nyumba ya kwanza, ya pili, akaita za mashangazi. Akafika kwenye fungu ambalo limekuwa la Deo tangu siku alipopaua nyumba yake. Akaita jina la mwanawe.

Mama Glory alikuwa bado ameishika sahani. Baba Mkubwa akamtazama kwa upole, upole wa daktari wa meno, akasema, "Usinilaumu, mama. Mkia wako alikuwa Deo, na Deo tumemzika. Katoto ka kike nako kataolewa kaende zake. Msomi ametueleza vizuri. Si ukatili, ndivyo Mungu alivyopanga hata humo mwilini."

Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Jambo walilokuwa wakilionea aibu mwaka mzima, mimi nimewaletea sababu, tena ya kisayansi.

Nikaketi.

Maneno nilikuwa nayo. Nilikuwa nayo mengi. Ningeweza kuwaambia kwamba ule mfano wa kolesteroli sikuumaliza, kwa sababu walikuwa wanacheka na nilipenda wanavyocheka. Mwisho wake ni huu: kipokezi kikiachwa mlangoni, anayeumia si kipokezi. Mafuta yanabaki kwenye damu, yanaziba mishipa, na mtu anakufa kwa moyo angali kijana. Mwili wote unaugua kwa sababu ya mkia mmoja usioonekana.

Na nani anamwogesha mama yangu tangu apooze upande mmoja? Mama Glory. Nani anakata majani ya ng'ombe, nani anapalilia kahawa ambayo mwana wa Baba Mkubwa hajawahi hata kuichuma? Mimi nakuja mwisho wa mwezi na mkate, nakaa saa mbili, naondoka nikisifiwa.

Mama alikuwepo, kwenye kiti chake barazani. Ulimi wake hautoi maneno tangu augue, lakini macho yake ni mazima. Alinitazama mimi. Hakumtazama Baba Mkubwa kabisa.

Fungu langu niliitiwa. Kubwa kuliko la mwaka jana. Na nilikula, niseme ukweli. Nyama ilikuwa tamu.

Leo asubuhi kabla ya kuondoka nilikata sale kwenye ua. Kwa asiye wa kwetu: ni jani refu la kijani, tunalipanda mipakani, na mtu aliyekukosea akikuletea jani hilo, huruhusiwi kukataa. Unasamehe, upende usipende. Ndiyo mila.

Nilimkuta Mama Glory jikoni anapuliza moto, uji wa Mama uko mekoni, Glory anavaa sare za kanisani. Virago viwili vilikuwa vimeshafungwa karibu na mlango. Aliliona jani kabla hajaniona mimi.

"Wifi, usinipe hilo," akasema.

"Mama Glory, naomba tu..."

"Najua unachoomba. Ukishaniwekea mkononi itabidi nikusamehe, na jana mlishanichukulia vya kutosha. Hiki niachie." Kisha akakoroga uji, akaupakua, akampelekea mama yangu.

Nimerudi nalo kwenye pochi. Limekunjika.

Kesho nitapanda tena Kibosho kwa Baba Mkubwa. Nitamwambia mbele ya wazee kwamba somo langu lilikuwa nusu, na hiyo nusu nyingine nitaisema yote, hata kama fungu langu halitaitwa tena maisha. Nimeshapanga maneno yangu, mepesi, hata mtoto angeelewa.

Ila namjua mzee yule. Katika maisha yangu yote amenisikiliza mara moja tu, na hiyo moja ilimtosha.