Jina la Msichana wa Igoki

George Town, Penang, Malaysia
3 Novemba 2025

Kwako Igoki,

Hujambo mwanangu? Miguu imepunguza kuvimba? Mimi na dada yangu Cicily, mwenyeji wangu huku, tu wazima, ila usingizi wangu bado uko Kanja. Nyinyi mnamaliza chakula cha mchana, huku taa zinawashwa.

Natembea kama niko ndotoni. Barabara moja ina kanisa, msikiti, hekalu la Wachina na, kona tu, la Wahindi, na moshi wa udi unakufuata kutoka huku mpaka kule. Jana mvua ilinyesha jua likiwaka. Tukajikinga pamoja chini ya varanda, kila mtu na lugha yake, na hakuna aliyekuwa na haraka. Nikasahau nina miaka sitini na tatu. Kuna mzee anamimina chai kutoka kikombe hadi kikombe, mkono mmoja juu, mwingine chini, na haimwagiki hata tone. Mimi niliyechuma majani chai maisha yangu yote nilisimama nikaduwaa.

Msalimie Stephen akija.

Mama yako

Kanja
9 Novemba

Mama,

Habari za huko? Sisi tuko sawa, mtoto anapiga teke, ng'ombe wako pia wako sawa.

Stephen haji, na unajua. Tangu Agosti anaishi Mitunguu na yule mwanamke wake. Nilipokuja kwako na begi uliniambia nirudi nikavumilie, eti akina mama wa kanisa watasema nini. Kisha wewe ukapanda ndege. Sijakasirika. Haya, nimekasirika kidogo.

Nina swali moja. Hospitalini wamesema ni msichana. Gladwell, mama yake Stephen, ameshakuja kudai jina. Anasema msichana wa kwanza huitwa jina la mama wa baba, ndivyo sisi hufanya, na mtoto akiitwa Gladwell ni wa boma lao, nami niache chumba hiki nilichopanga, nirudi huko nimlee. Asiye na bwana ndiye huita mtoto jina la mama yake mwenyewe. Mimi nataka kumwita Peninah. Najua siku hiyo Kanja yote itajua sina bwana, na wewe utaketi nao kanisani. Jina ni lako. Bila wewe kukubali sitalitoa. Unakubali?

Binti yako, Igoki

George Town
13 Novemba

Igoki wangu,

Natumaini umeamka salama. Mimi sijambo, shukrani kwa Mungu.

Simu zako nne nimeziona. Hapa mtandao una shida. Jana jioni tulipita mtaa wa Wahindi, taa za rangi zimening'inizwa juu, muziki unatoka kila duka, na Wachina wanakula mandazi ya Wahindi kana kwamba ni ya kwao. Nilitembea mpaka nikapotea, na sikuogopa. Laiti ungeyaona.

Kunywa uji kwa wingi.

Mama yako

Kanja
14 Novemba

Mama, salamu. Mtandao huo unapitisha picha kumi na mbili za taa. Mimi sikukuuliza taa.

Igoki

Hospitali, Embu
20 Novemba

Mama,

U mzima? Mimi nimechoka, lakini ni mzima. Amezaliwa alfajiri, kilo tatu, ana paji la uso lako. Wauguzi wanamwita Mtoto wa Igoki kwa sababu sijasema kitu. Gladwell anakuja Jumamosi na uji na akina mama wenzake kumpa jina. Nikinyamaza nitaondoka nao. Kumpa jina lako bila neno lako siwezi.

Igoki

George Town
21 Novemba

Kwa Peninah,

Umelalaje, mgeni wetu? Umenyonya vizuri? Najua ni mama yako anayekusomea, kwa hivyo sikilizeni wote wawili.

Mtandao haukuwa na shida. Niliogopa. Nimetamani jina hili liitwe tena tangu mama yako azaliwe, lakini si kwa yeye kuachwa, na niliona haya kufurahi. Tena niliwaogopa wale wa kanisani.

Leo mama mmoja wa Kihindi anayetunga mashada ya maua aliniuliza jina langu. Miaka mingi mimi ni Mama Igoki tu. Nikamwambia Peninah. Akalirudia polepole huku akinifunga maua kichwani, na machozi yakanitoka pale barabarani, watu wakipita.

Nilimwambia mama yako arudi kwa Stephen. Nilikosea. Igoki, nisamehe.

Jumamosi Gladwell akija, mpokeeni kwa heshima, mpeni chai, na mwambieni mtoto ana jina tayari. Akiuliza nani alikubali, msomeeni hii. Ufunguo wa nyumba yangu uko kwa Gatakaa, jirani. Laleni kitandani kwangu. Kanisani tutaingia pamoja sote watatu, na tutakaa mbele.

Mimi,
Peninah mwenzako