Simu ya Walter

Kalyna Creek, Saskatchewan
Ijumaa, tarehe 27 Machi

Mdogo wangu mpendwa Lesia,

Pokea salamu zangu, na za kila anayekukumbuka hapa nyumbani. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko mgodini, na kwamba wale wanaume mia mbili unaowakaangia mayai alfajiri hawakuchoshi kuliko kawaida. Mgongo wako unaendeleaje? Mimi namshukuru Mungu, napumua. Goti la kushoto linanisumbua kila theluji inapoanza kuyeyuka, na kikohozi changu ni kile kile unachokijua, hakiponi wala hakiniui.

Najua utashangaa kuona bahasha badala ya simu. Nimejaribu simu mara mbili, Lesia, na mara zote mbili nimeuliza habari za hali ya hewa nikakata. Mwanao Nestor alikwambia ana mafua. Hana mafua. Yu hai, anakula, anatembea, usije ukaangusha sufuria ukadhani vinginevyo. Lakini niache nianze mwanzo, maana nikianzia mwishoni sitamaliza.

Korongo, timu yetu ya hoki ya barafuni, mwaka huu walikuwa watoto watupu. Mechi za mtoano zilipoanza, wakaacha kunyoa kama desturi inavyotaka, na baada ya wiki mbili Verna wa kantini akasema ndevu za timu nzima zikikusanywa hazijazi mto wa paka. Na juu ya watoto hao wote Kocha Rempel alimweka mwanao, miaka kumi na minane, awe nahodha. Verna ndiye aliyemshonea kifuani ile herufi C ya unahodha. Mimi nilikuwa nimesimama kando na mashine yangu ya barafu, nikajifanya natafuta kitambaa cha kufutia mikono, kumbe nalia.

Kila asubuhi nikishalainisha barafu huwa napita kantini, na wewe unajua, timu huendeshwa pale. Kocha analipwa bure tu. Mkubwa wa wasemaji wa pale ni Clarence Ouellette, yule aliyekuwa msimamizi wa ghala la nafaka, mwenye donati mkono mmoja na lawama mkono mwingine. Tangu Oktoba alikuwa akinichokoza: eti wamempa mtoto usukani wa lori, eti nahodha gani huyo anayesema "samahani" akimgonga mtu. Verna humjibu kwamba yeye Clarence alicheza msimu mmoja tu maishani mwake, na msimu wenyewe aliumaliza benchini. Tulikuwa tunacheka. Maneno hayakuwa na sumu wakati ule.

Kisha tukakutana na Fairholm, timu ya kwanza kushinda mechi nne ndiyo inayosonga mbele. Tukashinda ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mji ukapagawa. Nestor alifunga mabao manne, na Clarence akatangaza mbele ya kantini nzima kwamba jike lake la mbwa likizaa, dume la kwanza ataliita Nestor. Watu wakaanza kunilipia kahawa, mimi ambaye kazi yangu ni kumwaga maji juu ya barafu.

Mechi ya nne ilikuwa kwao Fairholm, nasi tukaenda kwa magari kama msafara wa harusi. Katika kipindi cha tatu jamaa wao mmoja, mkubwa kama mlango wa zizi, alimbana Nestor kwenye ubao wa pembeni, kichwa kikagonga kioo. Nilisikia mlio wake kutoka safu ya kumi na moja. Akainuka. Akasimama. Halafu akateleza polepole akaenda kuketi kwenye benchi la Fairholm. Uwanja mzima ukaangua kicheko. Wachezaji wao wakamsogezea nafasi, mmoja akampa chupa ya maji. Na mimi nilicheka, Lesia. Nakwambia kwa sababu nimeamua kukwambia yote: nilicheka mpaka nikakohoa.

Kesho yake adhuhuri nikamkuta jikoni kwangu amefunga mapazia, amevaa miwani ya jua, anakunywa supu baridi ya borshti kwa kuinua sufuria. Akaniambia mwanga unamchoma, na kwamba hakumbuki kabisa jinsi mechi ilivyoisha. Nikamwambia twende kwa kocha sasa hivi. Akanishika mkono. Akanikumbusha wale wasaka vipaji wa jiji watakaokuja tukivuka hatua hii, akasema amengoja tangu ana miaka sita, na akaniapisha mbele ya picha ya Mama kwamba sitamwambia kocha wala sitakwambia wewe. Nikaapa.

Usiniulize kwa nini, maana jibu unalo. Sisi tulilelewa vivi hivi. Mechi za mtoano zikianza, huku kwetu hakuna mtu anayeumwa. Mchezaji akivunjika taya, watatangaza "maumivu ya sehemu ya juu ya mwili" ili wapinzani wasijue pa kugonga, na sisi mashabiki tutaona ni sawa kabisa. Baba alicheza fainali na mbavu mbili zimevunjika, nasi tulikua tukiisikia habari hiyo mezani baada ya sala, mpaka tukadhani ni sehemu ya sala. Nestor ameisikia kwangu. Nani mwingine angemsimulia?

Mechi ya nne tulikuwa tumeipoteza. Tukapoteza ya tano. Tukapoteza ya sita. Nestor alicheza zote, lakini alikuwa kama mtu anayetembea kwenye chumba chenye giza. Kisahani kile wanachokigombea kwa magongo kilimpita puani asikione, na wenzake walipokuwa wanagombana yeye aliinamisha kichwa tu. Mimi peke yangu uwanjani nilijua kwa nini. Wengine wote walijua wanachokijua mashabiki.

Lo, ungesikia kantini! Wale wale walionilipia kahawa walikuwa wakiningoja niingie, kisha Clarence anaanza: Metro, usikasirike, lakini mpwa wako ana maji badala ya damu. Mwingine anasema nahodha lazima apige kelele, huyu yuko kimya kama yuko kanisani. Mwingine anasema kosa si lake, ni la Rempel aliyempa unahodha mtoto asiye na ndevu. Wakataka C apewe mchezaji mwenzake, Brody Lachance, ambaye angalau anajua kutukana. Yule mbwa akazaa, na dume la kwanza likaitwa Brody. Verna peke yake aliwatetea wale watoto. Aliwauliza kama wao wakiwa na miaka kumi na minane waliwahi kuongoza hata foleni ya choo. Wakamwagiza kahawa nyingine.

Jumatatu, siku mbili kabla ya mechi ya saba, redio ya hapa ikafungua simu za mashabiki baada ya taarifa ya saa saba mchana, kama inavyofanya kila wiki. Mji mzima huwa unasikiliza, hata wachezaji wenyewe, wakiwa wanafunga kamba za viatu kwa ajili ya mazoezi. Simu za kwanza zilikuwa za kawaida: golikipa anatoka mapema mno, kocha abadilishe safu, Fairholm wanapendelewa na waamuzi. Kisha akapiga mtu aliyejiita Walter, wa mashamba ya kaskazini. Huyu hakuzunguka. Alisema nahodha wetu ni mzigo. Alisema mtoto anaogopa, inaonekana wazi, macho yake yanakimbia, na kwamba kocha mwenye akili angemvua ile C leo leo, ampe Brody, na huyu mwingine amkalishe jukwaani na mamake. Baada ya Walter simu hazikukoma. Kila mtu akasema Walter amesema kweli, Walter ametusemea sote. Kufikia jioni watu waliokuwa hawajawahi kumwona huyo Walter walikuwa wanamnukuu dukani.

Rempel hakumvua mtu chochote. Kocha huyo ana kichwa kigumu. Alisema kwamba yeye hapangi timu kwa simu.

Jumatano usiku, uwanja wetu ulijaa mpaka watu wakakaa kwenye ngazi. Na Nestor, Lesia, Nestor alicheza kama mtu aliyetukanwa. Alikuwa kimya wiki nzima, usiku ule alipiga kelele. Aliingia kila pembe, alijitupa mbele ya kila shuti. Mara mbili niliona akishika ubao kabla ya kuinuka. Clarence alikuwa amesimama juu ya kiti anapayuka eti huyo ndiye nahodha, huyo ndiye! Tukafungwa dakika ya sita ya muda wa nyongeza, na bao lenyewe lilikuwa la kijinga, kisahani kilimgonga beki wetu mguuni kikaingia.

Unajua kinachofuata siku zote. Timu mbili hujipanga mstari, manahodha mbele, wanapeana mikono. Nestor akaongoza wetu. Akawapa mikono Fairholm wote mpaka kocha wao, vizuri tu, kwa heshima. Halafu alipofika mwisho akageuka, akaanza upya, sasa akiwapa mikono wachezaji wenzake mwenyewe. Mmoja mmoja. Anawaambia hongereni, mlistahili, tutakutana mwakani. Jukwaani wengine wakacheka, kama kule Fairholm. Kisha kicheko kikakatika. Brody Lachance akamshika mabega, akamwita kwa jina, naye akamwangalia Brody akamuuliza kwa upole yeye ni wa timu gani.

Tulimpeleka hospitali ya jijini usiku huo huo. Daktari alisema ubongo ulitikisika kwenye mechi ya nne, na kwamba angepumzishwa pale pale, huenda leo angekuwa anakimbia. Kugongwa juu ya jeraha ndiko kulikomharibu. Hatacheza tena hoki, si mwakani wala siku nyingine. Kusoma kutachukua miezi. Yuko hapa kwangu, katika kile chumba chako cha zamani, nimefunika dirisha kwa blanketi. Fahamu zake zimerudi, anatujua wote. Asubuhi huwa nafuu, alasiri kichwa kinamuuma mpaka anauma mto. Clarence alikuja amevua kofia, akaketi kwenye ngazi yangu nusu saa, akaondoka.

Sasa nifike pale ninapopaogopa.

Walter ni mimi.

Nilipiga simu ile kutoka banda la mashine, nimefunika mdomo kwa kitambaa, nimeikaza sauti. Nilikuwa nimeapa nisimwambie kocha, na kiapo sikutaka kukivunja, basi nikajiona mjanja: kama mji mzima utamtaka Rempel amvue ile C, Rempel atakubali, mtoto ataketi, atapona, na mimi nitabaki mtu wa kutimiza ahadi. Hivyo ndivyo nilivyojidanganya. Na kuna kingine. Brody alikuwa mzima, nami nilitaka tushinde. Nilitaka mwanao apumzike na nilitaka Korongo washinde, vyote viwili kwa simu moja. Nilipoona kila anayefuata anakubaliana na Walter, haki ya Mungu, nilifurahi.

Jumapili nilimpelekea chai gizani mle. Akapokea kikombe, kisha akaniuliza, "Walter hajambo, mjomba?"

Aliniambia walikuwa wamefungulia redio chumba cha kubadilishia nguo, wote wanasikiliza, na yule Walter katikati ya maneno yake akakohoa. Wenzake walikuwa wanacheka. Yeye alikijua kikohozi, anakisikia ukutani kila usiku tangu aanze kukaa kwangu, miaka miwili sasa. Alisema maneno ya Clarence hayakumfika, Clarence ni Clarence. Lakini akafikiri, "Ikiwa mjomba, anayejua ninavyoumwa, naye ananiona mwoga, basi labda mimi ni mwoga kweli." Ndiyo sababu alicheza vile Jumatano. Nilikuwa nikishangilia kule juu, sijui kwamba ananijibu mimi.

Nikapiga magoti, nikamweleza yote, kiapo na ujanja wangu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakulia, mimi ndiye niliyelia. Kisha akasema, polepole, kwa sababu siku hizi huyatafuta maneno, "Ungemwambia kocha tu, mjomba. Ningekununia wiki moja."

Wiki moja, Lesia.

Njoo umchukue, au njoo ukae naye, utakavyoamua. Ukinikuta mlangoni na hutaki kunisemesha, nitakuelewa, nitalala kule bandani. Yeye hakunituma nikuandikie, alisema tuendelee na habari ya mafua usije ukahangaika. Safari hii sikukubali kuapa.

Verna anakusalimu sana, amekuwekea mtungi wa kabichi. Padri anamwombea Nestor kila Jumapili. Nisalimie wenzako wa jikoni. Vaa nguo nzito njiani, barabara ya kaskazini bado ina barafu.

Ni mimi kaka yako, kwa jina langu la kweli,
Metro Sawchyn