Mamba Muntu na Bwana ya Mama Agata

Klera, mujikulu wangu,

Yambo sana kutoka Karavia. Dada yako alizaa mutoto mwanamuke, bote bawili banalala muzuri. Unaniuliza juu ya nini mamba muntu ya tablo zangu, zile picha napakaka, haiko peke yake.

Nikiwa kijana mu Elisabethville, nilimupaka ku kibambazi, ukuta ya inje ya nyumba yetu: mwanamuke wa mayi, mwenye mukia ya samaki. Nilitaka bantu baogope, na baliogopa kweli. Siku moja jirani yetu, Mama Agata, akasimama pale. Bwana yake alizama mu ziwa kule Pweto, na bantu balisema mamba muntu njo alimubeba. Nikawaza atanitukana.

"Umupake na bwana yangu," akasema. "Umuvalishe shimizi, ile shati yake ya bulu, anaipendaka."

Nikamupaka. Akaangalia sana.

"Umuongezee mwili. Ule mwanamuke hawezi kumunyima chakula."

Akacheka, kiisha akalia. Kutoka pale, mbele ya kwenda soko alikuwa anapita kumusalimia kwa jina. Bantu bengine nabo bakaanza kuniletea majina ya bantu babo benye balizama.

Njo maana napakaka bantu mingi pembeni yake, na bote banashiba.

Nkambo yako mwenye kukuwaza kila siku