Huyu Si Kimya

Masjala, Ghorofa ya Chini,
Mlango wa mwisho baada ya ngazi.
Jumatano, mapumziko ya mchana.

Mpendwa Shangazi,

Nakuomba, kabla hujasoma mstari wa pili, ukae mahali peke yako. Barua hii ni yako tu. Usimsomee mumeo, usiipige picha, usimtumie mtu hata kwa nia njema, maana nia njema ndiyo iliyotufikisha hapa. Ukimaliza, ichane vipande ambavyo hata wewe huwezi kuviunga.

Shikamoo. Najua unasema, mtoto gani huyu anatanguliza amri kabla ya salamu. Nisamehe. Mgongo wako unaendeleaje? Na lile goti linalotabiri mvua, huko ugenini bado linasema kweli? Sisi huku miili ni mizima, tunashukuru. Yasiyo ya mwili nitayasema taratibu, nikipata ujasiri.

Naandika kwa mkono kwa sababu nyumbani sina kifaa ninachokiamini. Simu yangu aliiwasha kaka kwa mara ya kwanza, akaiunganisha na yake, na kila ninachoandikiwa humtokea na yeye. Sebuleni kuna kamera pembeni, juu ya kabati la vyombo. Mezani kuna spika inayoitika ukiiita na inayopokea simu kwa sauti ya kumfikia hata jirani. Kaka huviita vyombo vya usalama. Tangu viingie sijawahi kujihisi salama hata nikipiga chafya.

Hayo ni matunda ya kazi yake. Siku hizi hakuna anayemwita kwa jina, kila mtu humwita Kocha, hata Baba. Video zake za kuwatia watu moyo unazifuata, kwa hiyo sina haja ya kukueleza zilivyoenea. Ulichokosa ni kuziona zikipikwa. Ile taa ya duara uliyotuma imesimama mbele ya kiti cha Baba kama mgeni asiyeaga, na simu yenye kamera tatu uliyomzawadia ndiyo inayotutazama tukila.

Hata kazini siko mbali naye. Mkuu wa ofisi yetu amempenda mno, na kila Jumatatu asubuhi tunasimamishwa ukumbini, Kocha anapaza sauti, "Semeni: mimi ni bingwa!" nasi tunaitikia. Tarishi wetu mzee, anayesimama karibu yangu, huitikia na yake kwa chini: "Bingwa wa ngazi. Lifti imekufa mwaka wa pili." Dirisha la masjala lilivunjika kioo, tukaomba kingine, tukaletewa bango lenye sura ya kaka yangu na maneno, "Dhoruba haimtishi mwenye ndoto." Mvua ikinyesha tunaliegemeza kwenye tundu, nalo linazuia. Hiyo ndiyo hamasa pekee iliyowahi kunifaa.

Mkuu hunipiga bega na kuniambia nina bahati, wenzangu wanaonja Jumatatu tu, mimi nashiba nyumbani. Mimi hucheka. Mkataba wangu unakwisha mwezi ujao, na anayecheka huongezewa.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Kimya amekufa.

Pole, Shangazi. Najua ulimleta mwenyewe, kitoto cha mbwa ndani ya kikapu, mwaka ule ulipotuaga. Ulimwambia Baba mbele yetu sote, "Habweki huyu, sijui ana kasoro. Lakini na wewe unazo, mtavumiliana." Wakavumiliana mpaka wakawa kitu kimoja. Uzee wake wote amelala chini ya meza ambayo Baba hutengenezea saa za watu, na Baba hakuokota parafujo iliyoanguka bila kwanza kumwomba radhi.

Alikufa wakati Baba yuko hospitali, alikokwenda kutolewa mtoto wa jicho. Nilitaka tumzike nyuma ya nyumba tumsubiri Baba, tumwambie. Kocha alimfunga kwenye koti la mvua akawapa wazoa taka. Jioni ile alirudi na mbwa mwingine wa rangi ileile, madoa yaleyale kifuani, amevaa mkanda wa shingoni wa Kimya.

Unaelewa sababu. Video zake zinazopendwa kuliko zote ni zile za Baba na mbwa. Ni kweli Baba anasahau, siwezi kukuficha. Huacha birika motoni, na mara nyingine huniita kwa jina la marehemu Mama. Kocha alilichukua hilo akalifanya somo: mzee aliyesahau mengi, lakini hajamsahau mbwa wake. Hata ana maneno yake ya kufungia, "Akili husahau, moyo hausahau." Watu wanalia, wanamlipa aende kuwaliza na kwao. Mbwa akifa, somo limekufa.

Kocha alitegemea macho mabovu ya Baba. Akasahau kwamba Baba alikwenda hospitali kutengenezwa macho. Amerudi anaona hata vumbi kwenye kope zako.

Taa ikawashwa, simu ikasimamishwa, mbwa akaletwa.

"Baba, nani huyu?"

"Mbwa," Baba akasema.

"Mbwa gani, Baba?"

"Wa jirani?"

"Aa, Baba bwana! Kimya wako huyu!"

Mbwa akabweka. Hapendi taa ile, maskini, naye hana kosa. Baba akamtazama, akanitazama mimi, akamrudia mbwa. "Kimya kapata mdomo tangu lini?"

"Amekukosa, Baba. Furaha hiyo."

Baba akamvuta, akaugeuza ule mkanda kwa vidole. Unaukumbuka, aliushona mwenyewe kwa ngozi za kamba za saa. Mbwa mpya ana shingo nene, Kocha alilazimika kutoboa tundu jipya kwa msumari. "Hili tundu sikulitoboa mimi," Baba akasema.

"Umesahau tu, Baba. Macho mapya hayo, hayajazoea."

Baba amevishwa ile saa ya kioo inayohesabu mapigo ya moyo. Siku aliyopewa aliigeuza kutafuta pa kuifungua, akakosa, akasema hii si saa, ni mlango usio na bawaba. Mapigo yake humfikia Kocha kwenye simu. Basi jioni ile Kocha alinyanyua simu akafurahi: "Oneni moyo wa mzee unavyopanda! Anamjua!" Baba alikuwa anatetemeka, Shangazi. Nilikuwa nimeshika trei ya chai, nikaona mikono yake. Ule ulikuwa woga, na kaka yangu ameuuza kama furaha. Sauti ya mbwa na maneno ya Baba amevifuta, akaweka muziki, kisha akairusha video kwa watu.

Nilimfuata jikoni. Nikamwambia, "Kaka, mwambie ukweli. Ataumia, lakini atapona."

Akaniambia taratibu, kama anavyosema na watu wake, "Mdogo wangu, ile kazi nani alikutafutia?" Kisha akaonja mchuzi na kusema umepungua chumvi.

Nimesikia viatu kwenye ngazi, nikaificha karatasi chini ya jalada. Alikuwa tarishi tu. Naendelea.

Kwa siku kadhaa Baba hakukubali. Alikuwa akisema waziwazi mezani, "Huyu si Kimya," na mimi nilianza kumwonea fahari. Fikiria, Shangazi: lile alilokuwa akihubiri Kocha lilikuwa kweli. Moyo haukusahau. Na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akimwambia Baba kwamba amesahau.

Ndipo akamwonyesha simu. Akaifungua ile video, akashuka nayo mpaka chini, penye moyo mwekundu na jina lako.

"Ona, Baba. Shangazi ndiye aliyemleta huyu mbwa. Ingekuwa si yeye, huyo dada yako angenyamaza? Yule?"

Baba aliuangalia ule moyo kwa muda mrefu. Akasema, "Hapana. Huyo asingenyamaza." Kisha akasema, "Basi ni mimi." Akairudia, kwa sauti ya chini zaidi. "Basi ni mimi."

Nimejitahidi kutokukulaumu. Hukusikia mbweko, ulisikia muziki. Hata hivyo nimekaa hapa na kalamu nikijiuliza ulikuwa unatazama nini. Ungetazama shingo ya yule mbwa tu. Labda ulikuwa jikoni, umebonyeza upite, kama sisi sote tunavyopita. Lakini huku kwetu kidole chako kile kimekuwa hakimu, na Baba ndiye aliyehukumiwa.

Tangu siku hiyo amekusanya bisibisi zake ndogo na lenzi, akavifungia ndani ya kopo la maziwa. Alikuwa ameanza kurudia kazi. Kwa yale macho mapya alikuwa ameshafufua saa ya ukutani ya kinyozi. Nilipomuuliza kwa nini ameacha, alinijibu, "Mtu asiyemjua mbwa wake ataijuaje saa ya mtu?" Kinyozi alikuja na nyingine, akamrudisha mlangoni. Hatoki tena. Hukaa akitaja majina ya ndugu zake kwa kunong'ona, mmoja mmoja, kujipima, na anapofika kwako anashusha pumzi.

Mimi nilimwambia. Usidhani nimekaa tu. Nilimwita bombani nje, kamera isipofika, nikafungulia maji yavume, nikamwambia, "Baba, hukukosea. Kimya alikufa. Huyu si yeye."

Akanishika shavu kwa mkono wenye maji. "Ahsante, mwanangu. Unanifariji."

"Sikufariji, Baba. Ni kweli."

"Kocha hawezi kunidanganya mbele ya watu wote wale," akasema. "Wewe una huruma kama mama yako. Dada yangu ndiye asiyejua kufariji. Angekuwa hapa angeniambia."

Akafunga bomba, akasema maji yanapotea bure.

Jumamosi hii Kocha amekodi ukumbi. Baba atapandishwa jukwaani, mbwa ataletwa, na ataulizwa mbele ya kaumu nzima, "Baba, nani huyu?" Mkuu wetu amenunua safu nzima ya mbele, na sisi wafanyakazi tumeagizwa kuijaza na kupiga makofi. Baba anajua. Asubuhi namsikia chumbani akifanya mazoezi. Mzee aliyerudishia uhai saa za mtaa mzima anafanya mazoezi ya kusema "Kimya, Kimya wangu," apate kumwambia mbwa asiyemjua, ili mwanawe asiaibike. Mbwa naye anabweka mlangoni.

Akilisema pale juu, Shangazi, hatarudi tena. Atakuwa amekubali mbele ya watu kwamba akili yake imekwisha, wakati haijaisha. Kilichopungua ni kidogo, anaweza kuishi nacho. Hiki wanachomchukua hawezi.

Simwombi Kocha tena, na wala sikuombi umgombeze, maana akijua ni mimi niliyesema, Jumatatu sina meza. Naogopa. Nimesoma kwa nguvu zenu nyote nikapata kazi ya kuogopa. Ninachoomba ni neno lako moja kwa kaka yako. Ulimi wako ulitutoa machozi sote tulipokuwa wadogo. Leo nauhitaji.

Msalimie mumeo, ila usimwambie kwa nini. Msalimie binamu yangu yule asiyeamka Jumapili, na mtoto wake ambaye sijamwona. Baba hajui kama nakuandikia, la sivyo salamu zake zingekuwa ndefu kuliko hizi. Mungu akutunze huko uliko, akupe goti lisilouma, na ule ukali wako asiupunguze.

Wako akupendaye ingawa leo nina uchungu,
Kitinda mimba wa kaka yako.

Namna ya kunipata. Barua hii anakuletea mkononi dereva wa ofisi anayesafirisha mizigo huko kwenu, utakuwa nayo kesho. Usimpe jibu. Usipige simu nyumbani, spika itakupokea. Usiniandikie kwenye simu yangu hata salamu. Chini ya ngazi za jengo letu kuna fundi viatu, mtu wa siri, ana simu ndogo ya vitufe isiyojua picha wala video. Namba yake nimeiandika nyuma ya bahasha. Mwambie unaulizia viatu vya kahawia vya mzee, ataelewa.

Nimemwambia Kocha kwamba viatu vya Baba vya jukwaani visigino vimelika, na kwamba Ijumaa nitampeleka Baba akapime vipya. Amekubali, anapenda viatu vionekane. Kwa hiyo Ijumaa, adhuhuri, Baba atakuwa amekaa kwenye kigoda cha fundi, mguu mmoja bila kiatu, na simu ya fundi itakuwa mkononi mwake, ikikusubiri upige. Ile saa ya kioo nitamvua, nitasema inambana.

Atakuamkia kwa maneno mengi, atakuuliza mgongo, atakuuliza goti. Usimwitikie, Shangazi. Siku hiyo salamu ziache. Anza na mbwa.